Miguu ya Watu wa Kihoto

Zuhura,

Imetundikwa. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa mtu wa kungoja salamu. Ukija kwangu ulikuwa unauliza swali ukiwa bado mlangoni, na salamu zinafuata nyuma kama mtoto aliyeachwa na mamake sokoni. Basi jibu ndilo hilo. Picha ya Kihoto imetundikwa, nzima, kutoka mawingu ya juu hadi maji ya chini, na hakuna makasi yaliyopita juu yake. Sasa naweza kukusalimu. Hujambo huko uliko, dada yangu? Mimi nipo, kwa kiasi.

Nasema kwa kiasi kwa sababu moyo umechoka. Daktari ni kijana mpole, ananiita mathe, kama mamake, na alipomaliza kunisikiliza kifua alianza kuzunguka maneno kama mtu anayetafuta mahali pa kuvukia mto. Nikamwambia mimi nilifundisha jiografia, najua ramani ikifika ukingoni inaonekanaje. Hakucheka. Ungekuwepo ungecheka kwa niaba yake. Naandika hapa jikoni, penye jua la asubuhi. Naandika kidogo, napumzika, naandika tena. Bado mwandiko wangu ni bora kuliko wako ulipokuwa mzima.

Siku uliyotutoka nilifika kwenu ukiwa umeshaoshwa. Ulilala baada ya sala ya adhuhuri, kupumzika tu, na hukuamka. Nilitaka nifike kaburini, wakaniambia kwa upole kwamba wanawake hubaki nyumbani. Nikabaki na wenzangu, nikachambua mchele wa wageni, mimi Mkristo mzee katikati ya mabuibui, na machozi yakidondoka kwenye ungo hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo sikukuaga. Hii barua ndiyo kukuaga kwenyewe, na pia nina mambo mawili ya kukiri kabla na mimi sijaenda. Moja nimelibeba tangu ujana wetu. La pili ni la juzi, nalo linakuhusu, kwa sababu nilikusingizia. Tulia. Nitafika hapo. Unajua mwalimu haanzi somo katikati.

Nianze studio ya baba yako. Naiona hata sasa: kile chumba chembamba mjini Nakuru, lile pazia lililochorwa ngazi za jumba ambalo hakuna hata mmoja wetu angelikanyaga, na Jumapili baada ya kanisa foleni ya vijana wa reli na wa viwandani, wengi wao watu wetu wa kutoka magharibi, mashati yamepigwa pasi hadi yanasimama yenyewe. Neno la kwanza la kila mmoja lilikuwa lile lile: "Miguu ionekane." Baba yako hakuchoka kujibu kwamba itaonekana. Picha zilikuwa zinapelekwa nyumbani, na mama akipokea picha ya mwanawe iliyokatwa magotini, analia. Anauliza treni imemfanya nini. Ulinisimulia habari ya yule mama wa Kakamega aliyepokea picha kama hiyo, akafunga safari mpaka Nakuru, akaingia studio, akamwambia baba yako, "Nionyeshe mtoto wangu akitembea." Tulicheka sana siku ile. Baadaye nikafikiri, huyo mama alielewa picha kuliko sisi. Hakutaka uso. Uso angeweza kuukumbuka. Alitaka kujua kama mtu wake amesimama.

Wewe ndiwe uliyelichukua jambo hilo ukalifikisha mwisho. Ulisema mtu si kadi ya kutiwa mfukoni. Mtu ana kimo chake, na picha yake iwe na kimo hicho hicho. Wenzako walikuwa wanapunguza, wewe ukaanza kukuza. Ulikodi lile godauni la mahindi nyuma ya reli, ukamfanya fundi wa mabati akutengenezee mifereji mirefu ya kuoshea karatasi, naye akauliza paa liko wapi. Mashine ya kukuzia picha ukailaza ubavu, ikatupa mwanga ukutani, na picha ikatoka kwa vipande virefu kama leso zisizopindwa. Kisha ule uji wa ngano wa kubandikia vipande kwenye turubai, na mimi magoti chini na sifongo, nikisukuma mapovu ya hewa kutoka katikati kwenda pembeni, na wewe juu ya ngazi ukipiga kelele: "Ticha, mshono! Angalia mshono!" Nilikuwa nakwambia kwamba mimi nina digrii. Ulikuwa unajibu kwamba digrii haizuii mapovu.

Watu walikuja kuzitazama picha hizo kutoka Nairobi na mbali zaidi ya Nairobi. Niliwaona wengine wakirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeingia chumbani akakuta kumbe kuna watu. Mimi nilikuwa naleta chai. Wakishaondoka nilikuwa nasema, "Haya, umemaliza? Sakafu hii inahitaji ufagio." Ndivyo nilivyosema kila mara, au maneno ya aina hiyo.

Hilo ndilo la kwanza. Zuhura, sikukuambia hata siku moja kwamba picha zako ni nzuri.

Nimejiuliza sababu. Kwetu, mtoto mzuri huitwa mbaya ili macho yasimguse, na ng'ombe mnene hasifiwi langoni. Nyinyi mnasema mashallah na mambo yanaisha, sisi hatukupewa neno la kufunika sifa, kwa hiyo tunazimeza. Lakini hicho ni kisingizio cha nusu. Niliwapa watoto wa watu alama maisha yangu yote, nikaandika "vizuri sana" kwa wino mwekundu kwenye insha zisizostahili hata kusomwa, na rafiki yangu aliyekuwa akifanya kazi kubwa kuliko zote nilizopata kuona nikamwambia kuhusu ufagio. Nadhani niliogopa. Ningeanza kukusifu ningelia, na wewe ungelifanya jambo hilo utani kwa mwaka mzima.

Sasa nikuambie usilolijua. Ule ufunguo wa akiba ulionipa ili nimfungulie mtu wa stima, niliutumia. Ukisafiri nilikuwa nakwenda godauni peke yangu. Nilikuwa nafungua lile pazia la mbele ya picha ya wazee wa Longonot, wale wastaafu wa reli uliowapanga kwenye jukwaa la stesheni, kila mmoja kwa kimo chake. Wa tatu kutoka kushoto simjui jina. Amesimama uzito wote kwenye mguu mmoja, kama baba yangu alivyokuwa anasimama baada ya zamu, na kamba ya kiatu cha kushoto imefungwa kwa mafundo mawili kwa sababu imekatika katikati. Ni fundo tu, lakini kwenye picha ndogo lisingeonekana kabisa. Baba yangu alikufa nikiwa chuoni, na picha yake pekee tuliyonayo ni ile ya kitambulisho, uso na masikio basi. Nilivuta kiti nikaketi mbele ya yule mzee. Sikufanya chochote. Niliketi tu, mpaka nikahisi kwamba nimemtembelea mtu. Kisha nikafunga pazia, nikafagia njiani nikitoka, na uliporudi ulisema, "Nani amefagia hapa?" nikasema sijui.

Nilikwenda mara nyingi. Basi, nimelisema.

Halafu Kihoto, ule mtaa wa kando ya ziwa. Unakumbuka jinsi ulivyonicheka njia nzima tukienda Naivasha. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa Kenya kwamba maziwa ya Bonde la Ufa yanapungua, niliwachorea hata mishale ubaoni, na sasa ziwa lilikuwa limepanda likaingia sebuleni kwa watu. "Ticha," ukasema, "ziwa halikusoma kitabu chako." Tukafika. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yameingia milangoni hadi magotini. Vijana walikuwa wanawafukuza viboko kwa filimbi. Na wewe ukaomba kuwapiga watu picha mbele ya nyumba zao, nao wakakataa.

Hawakukataa kwa ukali. Mama Akinyi, yule wa kuuza samaki wa kukaanga, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote: "Nikisimama kwa maji utanikata miguu. Picha iende ushago watu wa kijiji waseme Mama Akinyi ameisha kutoka chini?" Niliona uso wako ukibadilika. Ilikuwa kama baba yako ameongea. Mpiga picha mwingine angewaeleza kuhusu sanaa. Wewe ulisema, "Kweli. Miguu lazima ionekane. Sasa tufanye nini?" ukangoja jibu kama mtu asiyelijua.

Mama Akinyi akaingia ndani ya nyumba yake, maji magotini, akatoka akisukuma meza. Akaipanda. Akasimama hapo, miguu mitupu juu ya meza, akajifunga kitambaa upya. "Sasa?" Kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kuombwa. Watu walitoa vitanda, makochi, kabati la vyombo, cherehani, benchi la kanisa. Mzee mmoja alipanda juu ya friji iliyolazwa ubavu, na mkewe akamwambia, "Angalau leo imefanya kazi." Mtaa mzima ukasimama juu ya samani zake katikati ya ziwa, miguu yote nje, na ukawapanga kama baba yako alivyowapanga vijana wa reli, wafupi mbele, warefu nyuma, kidevu juu, mikono mahali pake.

Watu wote walikuwa wakavu isipokuwa sisi wawili. Ulisimama na ile kamera ya mbao ndani ya maji hadi mapajani, kichwa ndani ya kitambaa cheusi, na mimi nyuma yako na mwavuli ili jua lisiichome kamera. Jua lilikuwa migongoni mwetu. Ukapiga kelele, "Mtu asipumue!" na Kihoto yote ikaacha kupumua.

Ulipoiosha picha ndipo tukaona. Chini kabisa, kwenye maji, kuna weusi. Mtu akitazama haraka atasema ni tope. Ni kivuli chetu. Mgongo wako ulioinama, kamera na miguu yake mitatu, na juu yake mwavuli na mkono unaoushika. Ulikitazama muda mrefu. Ukasema, "Baba angeitupa hii." Baba yako alikufundisha kwamba mpiga picha anayeacha kivuli chake ndani ya picha amemwibia mteja nafasi. Nilisubiri uitupe. Hukuitupa. Ukaikuza kuliko zote ulizowahi kukuza, na hukusema tena neno lolote kuhusu kile kivuli.

Sasa la pili.

Ulipoondoka, mwenye godauni alihitaji godauni lake. Picha nyingine zilipata pa kwenda, wale wazee wa Longonot wako salama, usihangaike. Kihoto ilikuwa kubwa mno. Mariamu, mwanao, aliikunja akaiviringisha kwenye blanketi, vijana wanne wakaibeba, ikaja kulala sebuleni kwangu nyuma ya kochi. Nikawa nalala nikisikia mchwa. Mchwa hawapo, nilikagua kila siku, lakini niliwasikia. Nilijua kwamba nikifa ikiwa bado imekunjwa, atakayekuja kugawana vyombo vyangu ataona gogo la turubai, na ataliweka nje mpaka mvua ije.

Ndipo Wekesa akaja. Unamjua, mwenyekiti wa kamati ya ule ukumbi mpya wa mtaa huku Rhonda, fundi mstaafu wa kiwandani, ambaye pia alikuwa mwanafunzi wangu. Alisema kamati inaitaka picha ya Kihoto kwa ukuta wa mbele. Zuhura, nilitaka kumkumbatia. Tukaenda na fundi, wakapima. Walikuwa wameshaweka siling bodi, dari nzuri, nyeupe, na kwa hiyo ukuta ulikuwa mfupi kuliko picha kwa karibu urefu wa mtoto wa darasa la tatu.

"Si ni maji tu huko chini, Mwalimu?" Wekesa akasema. "Tupunguze kidogo. Hakuna mtu atajua."

Katibu wao, msichana mchangamfu, akaunga mkono: "Hata kwa simu si tunakata hivyo, mathe? Hakuna noma. Ule weusi wa chini hata unaharibu."

Ule weusi wa chini.

Wanakamati walikuwa wema, wote, usidhani vingine. Wakaniletea kiti, Mariamu akasimama ubavuni mwangu. Na mimi nilikuwa najua hesabu yangu: nikikubali, nitaiona imetundikwa kabla sijafa. Nikikataa, huenda isitundikwe kamwe. Wangekata maji, na miguu ya wale wa mstari wa mbele waliosimama juu ya viti ingekwenda nayo, na wewe pia ungekwenda, na mgongo wako, na kile kitambaa. Angebaki nani aliyesimama pale? Picha ingekuwa imejipiga yenyewe.

Nilisimama. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mkono mmoja. Nikasema, kwa ile sauti ya gwaride la asubuhi, "Marehemu aliacha wosia. Aliniambia mimi, kwa mdomo wake. Picha hii isikatwe hata upana wa kidole."

Unajua hukusema hivyo. Hukuacha wosia wowote. Ulikwenda kulala tu.

Wekesa akavua kofia. Mtu anaweza kubishana na mwalimu wake, lakini nani hapa kwetu anabishana na wosia? Nilimchapa huyo Wekesa darasa la sita kwa kudanganya kwamba mbuzi amekula ramani yake ya Afrika. Na sasa alikuwa mbele yangu, kofia mkononi, akiniamini. Kumbe ile ramani ililiwa na mbuzi kweli. Aliniambia siku hiyo hiyo akinisindikiza. Nilimwomba radhi ya mbuzi. Ya wosia sikuweza kuiomba.

"Wosia ni wosia," akasema. "Lakini, Mwalimu, ukuta hauwezi kurefuka kwa wosia." Picha ikarudi nyuma ya kochi.

Hizo zilikuwa siku mbaya. Nilifikiri nimekuokoa ili nikuzike mara ya pili. Nilianza hata kutunga uongo mwingine wa kuufuta ule wa kwanza, kwamba labda ulisema ikatwe kidogo, kwa heshima. Kisha Mama Akinyi akabisha mlango. Amehamia kwa mwanawe hapo Kaptembwo. Alikuwa amesikia kwamba ile picha ya Kihoto iko Rhonda na bado hajajiona. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujiona, Zuhura. Uliikuza, ikaenda kuonyeshwa mbali, ikarudi, na wewe ukaondoka. "Nataka tu kuona kama alinidanganya kuhusu miguu," akasema.

Nikampigia Wekesa. Nikamwambia sitaki kutundika, nataka kufungua tu, asubuhi moja, huyu mama aone, kisha tufunge. Akakubali, nadhani kwa ajili ya mbuzi.

Vijana wakaipandisha kwa ubao mrefu, wakaiachilia iteremke. Ikateremka ikafika sakafuni ukuta ukiwa umekwisha, na iliyobaki ikajilaza yenyewe mbele yetu, ikanyooka kwenye saruji. Mawingu juu. Kihoto katikati, watu wamesimama juu ya mali yao yote. Na maji yakatoka ukutani yakaja mpaka karibu na kiti changu. Hakuna aliyepanga hivyo. Tulikuwa tunasubiri tu waanze kuikunja.

Wekesa alikuwa amechelewa. Aliingia kwa haraka na viatu vyake vya mkutano, akiongea na simu, akainua macho. Na Zuhura, nakuapia, yule mtu aliyesema ni maji tu alisimama ghafla, akashika suruali yake kwa mikono miwili, akaivuta juu mpaka soksi zikaonekana.

"Mwenyekiti!" Mama Akinyi akapiga kelele. "Unaogopa kulowa? Si ni maji tu?"

Ukumbi uliangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Wekesa mwenyewe. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, pale ukingoni. Akavua viatu, sijui kwa nini, akaviweka pembeni vizuri kama mtu aliyefika msikitini kwenu. Akatazama juu muda mrefu. "Iacheni hivyo hivyo," akawaambia. "Isiguswe."

Mama Akinyi alikuwa ameshajipata. "Ndiyo hii! Na kile kidole kilichobanwa na mlango, kiko!" Alivihesabu vidole vyote, kwa sauti, akiwaonyesha watu. Halafu akafuata maji kwa macho, polepole, kushuka, mpaka chini. Akainama.

"Na hawa wawili wenye mwavuli ni akina nani?"

Watu wakasogea. Katibu akapiga magoti. Hakuna aliyesema weusi tena. "Aa," akasema Mama Akinyi, "si huyu ni yule mama wa kamera? Amejikunja hivi." Akaigiza mgongo wako, na aliigiza sawasawa. "Na mwenye mwavuli?"

Nikasema, "Ni mimi."

Sasa imefungwa kamba ya katani pande zote ili watu wasikukanyage, na viatu vinaachwa mlangoni, jambo ambalo hakuna aliyeliandika popote ila kila mtu analifuata. Watoto wanakuja kuketi ukingoni. Juzi mmoja alimwuliza mwenzake kama viboko wamo. Wafagiaji wanasema ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kufagia, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuichafua. Naona ungependa hilo, kwa ajili ya ufagio.

Mariamu alinisindikiza nyumbani siku ile. Tukatembea polepole, kwa mwendo wangu wa sasa. Tulipofika langoni akasema, "Mwalimu, mama hakuacha wosia. Mama alikuwa anaogopa kuandika hata orodha ya soko." Nikasimama. Nikamwuliza, "Na ukanyamaza kikaoni?" Akasema, "Nilinyamaza kwa sababu ile ilikuwa sauti yake. Nilifikiri ni yeye." Kisha akanishika mkono tukaingia, akanichemshia chai, na tangu saa ile nimelala usingizi ambao sikuulala tangu uondoke. Mchwa wamenyamaza. Kochi nimelirudisha ukutani.

Sijui kama uongo wa kumwekea marehemu maneno mdomoni unasamehewa. Mchungaji wangu sijamwuliza, na imamu wenu sitamwuliza. Nimeamua kukuuliza wewe mwenyewe. Kama uliitaka ikatwe, nikifika utaniambia, na nitakuomba radhi kama nilivyomwomba Wekesa radhi ya mbuzi. Lakini nadhani mtu aliyekiacha kivuli ambacho babake angekitupa alikuwa ameshasema alichotaka kusema. Mimi nilikisoma tu kwa sauti.

Ahadi yangu ni hii. Wanangu wameshaanza kutafuta picha yangu ya kubebwa mbele ya jeneza, wanadhani sijui. Wamepata moja ya harusi, wanataka kunikata uso kutoka katikati ya watu. Nimewakataza. Nimewapa ile uliyonipiga mlangoni pa godauni, nimesimama na sifongo mkononi, uji wa ngano mpaka viwikoni, kutoka nywele hadi ndara. Nitakwenda mzimamzima, Zuhura. Atakayetaka kujua mwalimu alikuwaje ataniona nimesimama.

Na lile la kwanza nitalisema hapa, nisije nikafika huko nikaona haya tena nikakuulizia ufagio. Picha zako ni nzuri. Ni nzuri mno, mashallah. Yule mzee wa Longonot mwenye fundo la kiatu alinirudishia baba yangu. Watu wa Kihoto wamesimama. Nilikuwa na bahati ya kukushikia mwavuli.

Pumzika, dada yangu. Ukiulizwa huko kuhusu wosia, sema ulisema.

Wako,
Roda